Kaya Namba Kumi na Saba

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Kwani hunijui?"

"Mama, jibu tu. Ndivyo dodoso linavyotaka."

Mama aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye gauni, akakaa wima kama anayepigwa picha. "Basi andika mimi. Hakuna mwingine wa kunipinga."

Msichana aliandika. Alikuwa amekalia debe lililofudikizwa karibu na mlango, karatasi zake mapajani, na kila alipoinama kuandika aliteleza kidogo upande wa kushoto, akajivuta, akakaa tena. Majirani walimwita Msomi tangu siku alipopata nafasi chuoni kusomea uchumi wa kilimo na biashara ya mazao. Mwanzoni jina hilo lilikuwa sifa. Siku hizi wengine walilitamka kwa kulivuta mwishoni, kama mtu anayevuta sikio.

"Idadi ya wanakaya?"

"Wawili."

Kalamu ilisita. "Wawili, nani na nani?"

"Makubwa! Mimi na wewe. Au umepata mama mwingine huko?"

"Mwanakaya ni mtu aliyelala na kula hapa kwa miezi sita au zaidi katika miezi kumi na miwili iliyopita." Aliyasema maneno hayo haraka, macho yakiwa kwenye karatasi, kama alivyofundishwa.

Mama alianza kuhesabu kwenye vidole. Likizo ndefu. Zile wiki mbili za mwisho wa mwaka. Siku alizokuja na homa akalala kitanda kimoja na mama yake, wakapeana zamu ya blanketi. Vidole vilikwisha mapema.

"Haifiki sita," alisema.

"Haifiki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niandike mmoja."

"Na wewe uko kaya gani?"

"Wanafunzi wa bweni hawahesabiwi."

"Huku hawahesabiwi, na huko je?"

"Popote, mama."

Mama aliuchukua ungo wake tena. Maharage yalipanda yakashuka, makapi yakaruka mlangoni. "Haya. Endelea, mheshimiwa. Usije ukachelewa kwa wengine."

Alisema kwa mzaha, na msichana akacheka, lakini namba moja aliyoiandika ndani ya kisanduku ilitoka imepinda.

Ukweli ni kwamba hakutakiwa kuwa pale. Ukurasa wa kwanza wa dodoso ulikuwa na swali la mhoji mwenyewe: Je, una undugu na kaya hii? Alikuwa ameweka alama kwenye "Hapana" akiwa bado bwenini, siku wanafunzi walipogawiwa kaya za kuhoji. Hakuwa na nia ya kudanganya juu ya maharage. Alitaka tu kulala nyumbani siku tatu. Chumbani kwake chuoni walilala wanne, wenzake watatu walitoka shule moja na walikuwa na vichekesho vyao ambavyo havikuhitaji mtu wa nne. Alizoea kula akiwa amefungua daftari, ili aonekane ana shughuli.

"Mavuno ya maharage, mwaka mzima?"

"Madebe thelathini na nane."

"Una uhakika?"

Mama aliusukuma mlango kwa mguu. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na mistari ya mkaa, mitano mitano. "Kila debe linapojaa, nachora. Mzani anapima, mimi nachora. Hesabu mwenyewe."

Mzani alikuwa mnunuzi wa maharage. Alipewa jina hilo kwa sababu mwaka wa saba sasa alikuwa akiahidi kuja na mzani, na kila mwaka alikuja na debe lile lile. Hakupenda kulibeba huku na huko, kwa hiyo msimu ukiisha alimwachia mama amtunzie.

Msichana alihesabu mistari. Thelathini na nane. Pembeni akaandika: debe 1 = kilo 20, kama mwongozo ulivyosema. Akateleza tena upande wa kushoto.

"Debe hilo halina adabu," mama alisema, akacheka. "Hata mwenye kiuno anakaa juu yake kwa shida."

* * *

Wiki tatu baadaye, katika chumba cha kompyuta, msimamizi wao alisimama mbele akiwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa. Wanafunzi walimwita Dokta. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, aliyekulazimisha unyamaze ili umsikie.

"Kamati ya mfereji imeomba matokeo yetu," alisema. "Wanagawa upya mashamba. Maji hayatoshi. Kaya iliyovuna kilo mia tisa kwenda juu itabaki mwanzoni mwa mfereji. Iliyo chini ya hapo itahamishiwa mkiani. Orodha inakwenda Ijumaa."

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama mkiani kuna maji.

"Yapo," alisema Dokta. "Wenzao wakishiba."

Wengine walicheka. Msichana hakucheka. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa jedwali la kijiji chake, kaya arobaini na tatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiagiza kompyuta ipake kijani kwa waliopita na nyekundu kwa waliobaki. Aliteremka taratibu kwa kidole. Kulikuwa na nyekundu tatu. Kaya namba tisa, kilo mia nane na ishirini. Kaya namba kumi na saba, mia saba na sitini. Kaya namba ishirini na mbili, mia nane na arobaini.

Alikaa akiitazama nyekundu ya katikati hadi kioo kikajizima chenyewe.

Alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hakuna aliyepita, akapiga simu.

"Mama, yale madebe. Una uhakika ni thelathini na nane?"

"Mistari si ipo?"

"Hakuna yaliyobaki? Ya mbegu? Uliyompa mtu?"

"Ya mbegu nilishasema, yamo humo humo. Kwani vipi?"

"Hamna kitu. Nahakiki tu."

Mama alisikika akimfukuza kuku, kisha sauti yake ikarudi karibu, ya chini, ya kujipendekeza, sauti ambayo msichana aliwahi kuisikia mama akiitumia kwa makarani tu.

"Mwanangu, mnataka mangapi?"

"Mama?"

"Niambie nitaje mangapi ili ufaulu. Mimi nitasema tu. Nani ataniuliza?"

Msichana aliufunika mdomo wake kwa kiganja. Mama hakujua kwamba kinachopimwa ni shamba. Alidhani ni mtihani wa mwanawe, na kwamba yeye ndiye aliyejibu vibaya.

"Nakuja Jumatano," msichana alisema.

* * *

Alifika saa nne asubuhi. Mama alikuwa shambani, na mlango umefungwa kwa kamba tu. Msichana alivua raba zake nyeupe kizingitini, akavuta debe, akalifudikiza, akakaa kusubiri. Akateleza upande wa kushoto.

Safari hii hakujivuta. Aliinuka, akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya kitako cha debe. Bati halikuwa bapa. Lilikuwa limetuna kama tumbo la mtoto aliyeshiba, na kote kulikuwa na alama ndogo ndogo za nyundo, zilizogongwa kutokea ndani.

Mama alimkuta bado amepiga magoti.

"Umepoteza nini?"

"Mama, hili debe lina nini?"

"Lina nini tena? Limepigwa kitako."

"Na nani?"

"Na Mzani, na nani mwingine. Ili limeze zaidi." Mama alitua jembe. "Kila mtu anajua. Hata kuku wanajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama alimtazama kwa mshangao usio na hila yoyote. "Uliuliza madebe mangapi. Hukuuliza debe gani."

Walilipeleka debe kwenye kinu cha kusaga unga, ambako kulikuwa na mzani wa kweli. Maharage ya mama hayakutosha kulijaza, ikabidi waazime kwa jirani, Mama Pacha, naye hakukubali maharage yake yaende bila yeye. Alitembea pembeni yao akiwa ameshika sado yake, kile kindoo cha kupimia, kifuani.

"Leo tunapima nini, Msomi? Uzito wa elimu?"

"Debe, mama mdogo."

"Debe la Mzani? Mbona hilo mimi nalijua kwa mgongo? Nimelibeba miaka saba."

Mwenye kinu alisogeza jiwe la mzani mara tatu. Kilo ishirini na nne, ukitoa bati. Alipima tena kwa sababu msichana alimwomba, na ikatoka ile ile. Msichana alitoa daftari, akazidisha. Thelathini na nane mara ishirini na nne. Mia tisa na kumi na mbili. Akazidisha tena, polepole, kama mtoto wa darasa la tatu, akiogopa kufurahi.

Kisha ikambidi awaeleze. Aliwaeleza akiwa amesimama mlangoni mwa kinu, vumbi la unga likimtua kwenye nywele: orodha, kilo mia tisa, mkia wa mfereji, zile nyekundu tatu. Hakusema kwamba rangi ameichagua yeye.

"Ngoja," alisema Mama Pacha. "Namba ishirini na mbili ni nani?"

Msichana alitazama chini.

"Ni mimi? Yaani umenishusha mimi? Nikakupa na kiti, nikamfukuza mtoto kwenye kiti ukae wewe, kumbe unaniandika chini?"

"Niliandika kilo ishirini kwa debe. Ndivyo mwongozo—"

"Mwongozo umeliona wapi debe la Mzani?" Mama Pacha alimimina maharage yake kwenye sado, punje kadhaa zikaanguka, akaziokota moja moja bila kumtazama mtu. "Sisi tulisema, afadhali mmoja wetu amekwenda kusoma, atatusemea. Haya, tumesemewa."

Aliondoka. Mama hakumtetea mwanawe. Alibeba debe kichwani, wakarudi, msichana nyuma, hatua tatu nyuma.

Karibu na nyumba mama alisema, "Si urekebishe tu? Badala ya thelathini na nane uweke arobaini na kitu. Mama Pacha hivyo hivyo. Nani atajua?"

Msichana alikuwa amekwisha kupiga hesabu hiyo njiani. Arobaini na sita mara ishirini. Ingemchukua muda wa kubonyeza vitufe viwili.

"Wakija wakaona ukutani?"

"Nitaongeza mistari. Mkaa upo."

Alisema kwa upole kabisa, mwanamke ambaye miaka saba alichora mistari ya haki kwa debe la wizi. Msichana aliwaza juu ya mkono wa mama ukiongeza mistari minane ya uongo kwa ajili yake, na hapo akajua kwamba hataweza.

* * *

Ofisi ya Dokta ilikuwa na viti viwili, kimoja kimejaa vitabu. Msichana alisimama.

"Debe si kilo ishirini," alisema. "Kijiji kizima wanapimiwa kwa debe moja. Limepigwa kitako. Ni ishirini na nne."

Dokta alishusha miwani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kumfundisha, alimtazama kama mtu ambaye amesema jambo. "Umepima?"

"Kinuni. Mara mbili."

"Safi sana. Miaka yote hii tunazidisha kwa ishirini, na hakuna aliyewahi kuligeuza debe." Alikwisha kuchukua kalamu. "Debe ulilipata wapi?"

"Linatunzwa kwa kaya namba kumi na saba."

"Wakakubali kulitoa? Wanunuzi wale hawapendi maneno."

Hapo ndipo angeweza kusema ndiyo na kuishia hapo. Msichana alijaribu. Neno lilifika kooni, likageuka likawa jingine.

"Ni kwa mama yangu."

Dokta alivuta rundo la madodoso, akatafuta la kumi na saba, akalifungua ukurasa wa kwanza. Alisoma kwa sauti yake ndogo: "Undugu na kaya hii. Hapana." Akageuza. "Idadi ya wanakaya, mmoja. Mama yako hana watoto wengine?"

"Niko mimi tu."

"Na wewe hukujihesabu."

"Ufafanuzi unasema miezi sita."

Dokta aliitazama ile namba iliyopinda ndani ya kisanduku kwa muda mrefu kuliko namba moja inavyostahili.

"Kwa hiyo hapo ulifuata kanuni," alisema.

Hakukuwa na ukali, na hilo ndilo lililomfanya msichana atake kulia. Dokta alimweleza taratibu. Kaya zote zitarekebishwa kwa kilo ishirini na nne. Namba tisa na namba ishirini na mbili zitapita. Namba kumi na saba haiwezi, kwa sababu dodoso lake limejazwa na mtoto wa nyumba. Litafutwa. Orodha itakwenda Ijumaa bila kaya hiyo, na yeye ataiomba kamati isubiri wiki mbili, mhoji mwingine aende akaulize upya. Kamati ikikubali. Kila kitu lazima kilingane na kanuni, neno kwa neno, maana likionekana lolote la kupikwa, katibu wa kamati hatataka kutusikiliza tena.

"Na wewe mafunzo ya vitendo utarudia mwakani."

"Sawa."

"Ungeweza kukaa kimya."

"Najua," alisema msichana, akatoka, akasahau kufunga mlango, akarudi kuufunga.

* * *

Ijumaa Mama Pacha alisikia kwamba amepita. Alileta bakuli la maharage yaliyopikwa, akaliweka mezani kwa mama, akakaa bila kujua mikono aiweke wapi. "Sasa nyie ndiyo mmebaki nje," alisema mwishowe, na mama akamjibu kwamba maharage yamepikwa vizuri, yameiva mpaka ndani.

Mhoji mpya alikuja siku ya kumi na tatu. Alikuwa binti mrefu wa mwaka wa tatu, mchangamfu, mwenye kofia. Msomi alikuwa amekuja likizo usiku wa kuamkia siku hiyo, na aliposikia sauti njiani alitokea mlango wa nyuma haraka, peku, akajibanza nyuma ya jiko. Dokta alikuwa amemwonya: asionekane, asisikike. Alikaa juu ya kuni. Ukuta ulikuwa mwembamba, kila neno lilipita.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa kwenye kiti, hilo debe achana nalo."

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Ni mimi."

"Mavuno ya maharage kwa mwaka mzima?"

"Madebe thelathini na nane. Debe limepigwa kitako, kilo ishirini na nne, limepimwa kinuni, mwenye kinu yupo. Jumla kilo mia tisa na kumi na mbili. Mistari iko nyuma ya mlango, iangalie, hakuna niliyoongeza."

Mhoji alicheka kwa kufurahi. "Mama, wewe ulipaswa kutufundisha! Wangekuwa wote kama wewe ningekuwa nimemaliza jana." Karatasi ilifunuliwa. "Niliruka moja. Idadi ya wanakaya?"

Kalamu iligonga karatasi, ikisubiri.

Nyuma ya jiko, msichana alibandika sikio ukutani. Alijua jibu lililo kinywani mwa mama, na alijua pia kisanduku kinataka nini. Sema unavyotaka, alisema moyoni. Halafu akaliona shamba, kipande kile cha mwanzoni mwa mfereji ambako maji yalifika kabla ya jua, akasema moyoni, hapana, mama, tafadhali.

"Mmoja," alisema mama.

"Unaishi peke yako?"

"Peke yangu. Kwa miezi kumi na miwili iliyopita." Aliitamka sentensi hiyo yote bila kukosea, kama shairi la shuleni.

"Pole, mama." Kalamu ilikwaruza. Kisha, kwa kuwa alikuwa mhoji mzuri na alifundishwa kutazama, akauliza: "Na raba hizi za mlangoni?"

Msichana alitazama miguu yake. Ilikuwa mitupu, imepakaa majivu.

"Hizo," alisema mama, "ni za mgeni."

"Aa. Mgeni hahesabiwi."

"Najua. Nimeshaelezwa."

Wakazungumza kidogo juu ya mvua. Mhoji akafunga karatasi, akasema kwa upande wake haoni tatizo, kilo zimepita, mama asiwe na wasiwasi na shamba lake. Akaaga. Nyayo zake zikaenda hadi njiani, zikapotea.

Msichana hakuinuka. Mama alizunguka nyumba akiwa ameshika raba moja mkono huu na nyingine mkono ule, akasimama mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na juu ya huo wekundu kulikuwa na woga wa mwanafunzi anayesubiri karatasi irudishwe.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Nimejibu sawa?"

Msichana alipokea raba zake. "Umejibu sawa, mama," alisema. "Yote."